Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Namna ya Kuokoa Madaftari ya Zamani ya Chama

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, watunza hazina na wajumbe wa kamati za usimamizi za vyama wanachama, Kariakoo, Wilaya ya Ilala. Yamechapwa kwa maombi ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta. Yafaa niseme mapema kwamba mimi si fundi wa kompyuta. Elimu yangu ni ya sekondari, na kazi yangu kwa karibu miaka ishirini imekuwa kufungua madaftari ya watu na kuuliza maswali. Lakini siku hizi madaftari mengi yamo ndani ya kompyuta, na mkaguzi asiyejua daftari linafunguliwaje hana tofauti na askari wa zamu asiyejua mlango uko wapi.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wanaushirika tunayo sababu ya pekee ya kulikumbuka neno hilo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtu anayeuliza leo habari za hisa za marehemu baba yake za kabla ya 1976 hana pa kuanzia isipokuwa karatasi, kama karatasi hiyo bado ipo. Karatasi huliwa na mchwa, hilo twalijua. Ninalotaka kueleza leo ni kwamba kompyuta nayo ina mchwa wake.

Madai ya shilingi 340,000

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kariakoo. Wanachama wake ni wauzaji wa vitunguu, wachukuzi, mama lishe na wenye vibanda. Chama hicho kiliweka leja ya wanachama katika programu ya hesabu tangu 2006 hadi 2017, kwenye kompyuta ya Windows XP. Mwaka 2017 walinunua kompyuta mpya na programu mpya. Badala ya kuhamisha maingizo yote ya miaka kumi na moja, walihamisha masalio tu. Kompyuta ya zamani ikawekwa chini ya ngazi, ikafunikwa gunia.

Akaja mama mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, ambaye alitaka kujitoa kwa sababu ya umri. Alipoonyeshwa salio lake alisema limepungua shilingi 340,000, fedha alizoweka kwa mikupuo mitatu mwaka 2011. Kitabu chake cha akiba kililowa mvua, na kurasa za mwaka huo hazikusomeka. Katika programu mpya palikuwa na mstari mmoja tu: salio anzia. Karani akamwambia, kwa adabu lakini kwa mkato, kwamba kompyuta haisemi uongo. Yule mama akajibu: "Mwanangu, sikusema inasema uongo. Nimesema haikuulizwa."

Ndugu wanaushirika, jibu lile lilinikaa moyoni. Tukaitoa kompyuta ya zamani chini ya ngazi. Haikuwaka, sehemu yake ya kupokea umeme ilikuwa imeungua. Fundi akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta mpya, na tukayaona mafaili yote yakiwa salama. Lakini programu yenyewe ilikataa kufunguka. Ilitengenezwa kwa ajili ya Windows ya zamani, nayo haikuutambua mfumo mpya. Tulikuwa na sanduku mkononi, na ufunguo hatuna.

Fundi akatuambia ipo njia moja: kuunda kompyuta pepe. Baada ya siku tatu za kazi leja ilifunguka. Maingizo yale matatu yalikuwamo, ila yaliandikwa katika hesabu ya mwanachama mwingine mwenye jina kama lake. Yule mama alilipwa haki yake. Kwa sababu hiyo nimeona niwaeleze jambo hili kwa ukamilifu, uzuri wake na hatari zake.

Kompyuta pepe ni nini?

Wote mnazifahamu nyumba za Kiswahili za hapa Kariakoo: ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, wapangaji vingine. Kila mpangaji ana mlango wake, kitanda chake na desturi zake; lakini paa ni moja na bomba ni moja.

Kompyuta pepe ni mpangaji. Ndani ya kompyuta yenu mpya, ambayo ndiyo mwenye nyumba, inawekwa programu ya usimamizi. Programu hiyo hukata sehemu ya kumbukumbu, sehemu ya diski na sehemu ya nguvu ya kichakataji, ikaunda chumba. Ndani ya chumba hicho unaweka Windows ya zamani pamoja na programu yake ya hesabu. Mpangaji huyo anaamini yumo katika kompyuta yake mwenyewe ya mwaka 2006. Kwa mwenye nyumba, diski nzima ya mpangaji ni faili moja kubwa tu, ambalo laweza kunakiliwa na kuhifadhiwa kama faili jingine lolote.

Ufundi huu si mpya. Kampuni ya IBM ya Marekani iliubuni katika miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima na ilibidi watu wengi waitumie kwa pamoja. Mwaka 1972 ikautoa kwa wateja wake kwa jina la VM/370. Hapa kwetu kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, marufuku ambayo baadaye ililegezwa. Kwa kompyuta ndogo za mezani, ufundi huu uliletwa na kampuni ya VMware mwaka 1999. Leo kompyuta ya kawaida ya ofisi inauweza.

Namna ya kuiunda

Kwanza, pimeni uwezo wa kompyuta yenu. Kumbukumbu isipungue gigabaiti 8. Kichakataji kiwe na uwezo wa kubeba mashine pepe. Kwa Intel uwezo huo huitwa VT-x, na kwa AMD huitwa AMD-V. Aghalabu uwezo upo lakini umezimwa, nao huwashwa katika ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla Windows haijaanza. Fundi akisema kompyuta yenu haiwezi, mwulizeni kwanza kama ameufungua ukurasa huo.

Pili, chagueni programu ya usimamizi. Inayotumika sana ni VirtualBox, iliyotolewa kwanza mwaka 2007 na ambayo sasa ni ya kampuni ya Oracle. Programu yenyewe ni ya bure. Lakini kipo kifurushi chake cha nyongeza chenye leseni tofauti, nacho kwa matumizi ya ofisi hulipiwa. Msikipakie kwa kudhani nacho ni bure. Ipakueni kutoka kwa watengenezaji wenyewe, wala si kutoka katika flashi ya mtu aliyekutana nanyi mtaani.

Tatu, gaweni chumba kwa kiasi. Windows XP yatosheka na gigabaiti 1 ya kumbukumbu, kichakataji kimoja, na diski ya gigabaiti 20 hadi 40. Windows 7 yafaa ipewe gigabaiti 2 hadi 4 za kumbukumbu. Mwenye nyumba asipungukiwe na nusu ya kumbukumbu yake. Ukimpa mpangaji nyumba yote, wote wawili hawatalala.

Nne, mwingizeni mpangaji. Hapa pana njia mbili. Njia ya kwanza ni kupakia Windows upya kutoka katika diski zake halali, kisha kupakia programu ya hesabu, na mwisho kuleta mafaili ya leja. Hii ni safi, lakini yahitaji diski za asili za programu, na vyama vingi vimezipoteza. Njia ya pili ni kuinakili diski nzima ya kompyuta ya zamani ikawa faili. Katika njia hiyo fundi afanye nakala kwanza, na kazi yote ifanyike juu ya nakala. Diski ya asili itiwe katika bahasha, ifungwe lakiri, isainiwe na Mwenyekiti na Mtunza Hazina, iwekwe kabatini. Msishangae XP iliyohamishwa ikigoma na kuonyesha skrini ya buluu. Mara nyingi inaitafuta njia ya diski ya kompyuta ile ya zamani; fundi abadili namna diski ilivyounganishwa ndani ya mashine pepe, atumie ile ya kizamani iitwayo IDE. Tena kumbukeni kwamba Windows huitambua mashine mpya na huenda ikadai leseni ithibitishwe upya, na leseni iliyokuja pamoja na kompyuta mara nyingi imefungamana na kompyuta hiyo. Jambo hili lijadiliwe na Kamati kabla ya kazi kuanza.

Tano, fungeni mlango wa nje. Watengenezaji waliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili, 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020. Mpangaji wa namna hiyo hana kinga yoyote. Kwa hiyo mtandao wa mashine pepe uzimwe kabisa katika mipangilio yake, wala asichomekewe flashi ya mtu. Mpeni folda moja tu ya kupitishia taarifa kutoka ndani kuja nje. Printa za zamani za utepe haziungani kwa urahisi na mashine pepe. Hivyo taarifa itolewe kama faili kupitia folda hiyo, na mwenye nyumba ndiye achape.

Namna ya kuitunza

Kuunda ni kazi ya siku tatu. Kutunza ni kazi ya miaka. Naomba myaandike haya.

Mpangaji azimwe kwanza, ndipo mwenye nyumba azimwe. Kuzima kompyuta kubwa huku ya ndani ikiandika ni sawa na kumnyang'anya karani kalamu katikati ya tarakimu. Kwa sababu umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache si anasa. Ni sehemu ya kompyuta.

Kila mwezi tazameni nafasi iliyobaki katika diski ya mwenye nyumba. Diski ya mashine pepe yaweza kuundwa ikiwa ndogo na ikakua kwa kadiri inavyotumika. Diski kuu ikijaa, mashine pepe husimama palepale.

Nakala ya akiba ichukuliwe mashine pepe ikiwa imezimwa, na ichukuliwe folda yake nzima. Wekeni nakala mbili juu ya ile inayotumika, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Sisi wa Kariakoo hatuhitaji kuelezwa sababu. Tarehe 10 Julai, 2021 Soko letu Kuu liliungua, na tarehe 16 Novemba, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka asubuhi katika mitaa hii na kuua watu. Nakala iliyo katika droo ya meza hiyohiyo haiokoi kitu.

Nakala hizo zina majina, simu na fedha za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inatuhusu na sisi. Kwa hiyo diski ya nje ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lisibandikwe juu yake.

Mwisho, angalau mara mbili kwa mwaka, chukueni nakala, iwasheni katika kompyuta nyingine, na mfungue leja ya mwanachama mmoja. Nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni matumaini tu.

Kosa langu

Ndugu Mwenyekiti, nimesimulia kisa cha yule mama kana kwamba kiliishia vizuri. Hakikuishia pale, na sehemu iliyobaki yanihusu mimi.

Habari za malipo yake zilipoenea, wanachama wengine walikuja na madai yao. Karani akaniuliza kama anaweza kuyasahihisha makosa humohumo katika leja ya zamani. Nikamwambia aendelee. Akaniuliza juu ya akiba. Nilikuwa nimemwona fundi akipiga picha ya hali ya mashine, yaani kuifanya mashine ikumbuke ilivyo wakati ule, ili ukitaka waweza kuirudisha. Nikamwambia: piga picha ya hali, hiyo ndiyo akiba yako.

Siku ya tisa programu ikakwama. Karani, kwa kufuata maneno yangu, akairudisha mashine katika picha. Ikarudi kweli, safi kama siku ile. Na masahihisho 61 aliyoyafanya katika siku zile tisa yakafutika. Hakuna kengele iliyolia. Ilikuwa kama hayakupata kuandikwa. Tuliokolewa na kitu kimoja: karani yule, mtu wa mazoea ya zamani, alikuwa akiandika kila sahihisho kwa wino katika daftari la mistari kabla ya kuliingiza. Jumamosi mbili zilitumika kuyarudia yote, nami nilikaa naye, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Hapo nilifanya makosa mawili. La kwanza ni la kiufundi: picha ya hali si akiba. Imo ndani ya diski ileile, yategemea mafaili yaleyale, na diski ikifa inakufa nayo. Picha zikirundikana hula nafasi, na mtu akiyafuta mafaili yake kwa mkono huiharibu mashine yote. Itumike kwa saa chache tu, mathalani kabla ya kujaribu jambo, kisha iondolewe kwa kufuata utaratibu wa programu yenyewe.

La pili ni la kihasibu, nalo lanionea haya zaidi. Hesabu zilizokwisha kufungwa hazifunguliwi ili zisahihishwe. Kosa la mwaka 2011 husahihishwa katika daftari la leo, kwa hati ya marekebisho yenye maelezo na saini. Kanuni hiyo naijua tangu nilipoanza kazi, kompyuta ilinisahaulisha. Mashine pepe ya leja ya zamani ni ya kusoma tu. Na kama leja yote inaweza kuchapwa, ichapeni, ifungwe jalada, isainiwe. Huenda baada ya hapo msiihitaji mashine tena isipokuwa kwa ushahidi.

Jambo linalomhusu mkaguzi

Baada ya mkasa ule nilikaa nikafikiri. Ikiwa mashine inaweza kurudishwa nyuma siku tisa kwa bahati mbaya, inaweza pia kurudishwa kwa makusudi. Mtu akitoa fedha Jumatatu na kuirudisha mashine katika hali ya Jumapili, leja itaapa kwamba fedha hazikutoka. Kadhalika saa ya mashine pepe yaweza kurudishwa, na stakabadhi ya leo ikapata tarehe ya mwaka jana. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba kasha la fedha lina funguo mbili si kwa sababu kila mtunza hazina ni mwizi, bali ili mwaminifu asishukiwe.

Basi kwa chama ambacho bado kinafanya kazi ya kila siku ndani ya mashine pepe, nitadai mambo matatu nikija kukagua. La kwanza, daftari la mashine, la karatasi, linaloonyesha kila picha ya hali iliyopigwa, kila urejesho uliofanywa, tarehe, sababu na saini za watu wawili. La pili, muhtasari wa fedha wa kila jioni uliochapwa, ukasainiwa, ukawekwa jaladani kwa namba zinazofuatana; karatasi hairudi nyuma. La tatu, neno la siri la programu ya usimamizi lisiwe mikononi mwa yule anayeingiza maingizo ya leja. Vyama vidogo vitaniambia vina mtu mmoja tu ajuaye kompyuta. Najua. Basi Mwenyekiti alishike neno hilo katika bahasha iliyofungwa, na bahasha ikifunguliwa iandikwe imefunguliwa kwa nini.

Hitimisho

Tume ya Maendeleo ya Ushirika imetuletea mfumo wa MUVU, na taarifa za vyama sasa zinapelekwa humo. Hilo ni jema. Lakini mfumo mpya hupokea kile tunachoupelekea. Yaliyobaki katika kompyuta iliyofunikwa gunia hautayajua. Na mambo hayatulii. Windows 10 ambayo wengi mnaitumia ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025. Kompyuta iliyo mezani kwenu leo ndiyo itakayokuwa chini ya ngazi kesho.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja dogo. Mtakaporudi ofisini, itafuteni kompyuta ya zamani ya chama. Msiiwashe kwa haraka. Andikeni ina umri gani, imebeba hesabu za miaka ipi, na programu yake ilitoka kwa nani. Kisha lipelekeni jambo hilo katika kikao cha Kamati, diski ikiwa bado inasomeka. Yule mama alisubiri miezi minne kupata haki yake, akiwa na afya na uvumilivu. Si kila mwanachama atakuwa na vyote viwili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nikomee hapo. Nipo tayari kwa maswali, na kwa masahihisho pia.